Makumbusho ya Wamarekani Weusi, Washington: maoni ya mwongoza watalii wa Bagamoyo

Ukijaliwa safari ya Marekani, tenga siku nzima kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, pale Washington. Nyota tano kwa tano. Nasema hivyo kama mtu wa kazi hiyo hiyo: natembeza wageni Bagamoyo, kuanzia Misheni ya Wakatoliki hadi magofu ya Kaole, na nikiingia makumbusho yoyote naangalia kwanza mgeni anapitishwa vipi, ndipo nitazame vitu vilivyomo kabatini.

Tuanze na jengo, maana lenyewe ni nusu ya habari. Lilifunguliwa tarehe 24 Septemba 2016. Msanifu mkuu, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1966, wazazi wake Waghana. Kwa nje unaona taji la matabaka matatu, kila tabaka likipanuka kwenda juu, rangi ya shaba iliyokolea, katikati ya majumba meupe ya serikali. Umbo hilo limetoka kwenye nguzo za kuchonga za Wayoruba wa Afrika Magharibi, zile ambazo sanamu ya mtu imebeba taji kichwani. Limevikwa mapande 3,600 ya alumini yaliyotobolewa kwa nakshi, na nakshi yenyewe imefuata kazi za chuma za wahunzi weusi wa Charleston na New Orleans, miji ya kusini mwa Marekani, wengi wao wakiwa watumwa.

Niliporudi nilimwonyesha picha mzee mmoja anayechonga milango hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Akaishika simu, akaikuza picha, akakaa nayo muda mrefu. "Mwanangu, hii nakshi ya kutoboa," akaniambia. "Tazama, hapa matundu mapana, pale yamebana. Huyu alikuwa anapima jua." Ndivyo ilivyo hasa: nakshi imebanwa au kuachiwa kulingana na mwanga unaotakiwa kuingia ndani. Mzee akauliza, "Na hao waliofua kile chuma cha mwanzo, majina yao yapo?" Nikamjibu, "Wengi hayapo, mzee."

Ndani, historia haianzi pale unapoingilia. Zaidi ya nusu ya jengo iko chini ya ardhi, na ni huko unakoshushwa na lifti kubwa ya vioo. Ukutani, miaka inapita ikirudi nyuma mpaka 1400 na kitu. Mlango ukifunguka umo kwenye kiza, njia nyembamba, dari imekuinamia. Hapo ndipo biashara ya watumwa ya Atlantiki inaposimuliwa. Kutoka humo unapanda taratibu kwa miguu, na kadiri miaka inavyosogea ndivyo nafasi inavyopanuka, mpaka unafika juu kwenye muziki na michezo, na mwanga wa jua unapita kwenye zile nakshi. Hakuna mwongozaji anayekueleza kwamba sasa umetoka gizani. Magoti yako yanajua.

Kilichonisimamisha kuliko vyote ni vipande vya chuma vilivyoliwa na kutu. Ni farumi ya São José, meli ya Kireno iliyopakia watu kisiwani Msumbiji mwaka 1794, ikielekea Brazil. Ilivunjika kwenye miamba karibu na Cape Town mwezi Desemba mwaka huo. Ilikuwa na watu zaidi ya 400 waliotekwa, na zaidi ya 200 wakafa maji. Walionusurika waliuzwa pale pale Cape Town. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa farumi ni nini. Majahazi yetu hutia mawe au mchanga ili chombo kisiyumbe. Meli ile ilitiwa chuma kwa sababu shehena yake ilikuwa binadamu, na binadamu ni wepesi kuliko mizigo ya kawaida. Nilisoma maelezo yale, nikayarudia. Wamakua walipakiwa mle, na Wamakua ni ndugu zetu, wapo Masasi na Mtwara hadi leo.

Mbele kidogo kuna sanamu ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, yule aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Nyuma yake wamejenga ukuta wa matofali, na kwenye matofali majina ya watu aliowamiliki. Walikuwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Nikiwa pale niliukumbuka mnara wa Misheni. Wageni wangu wengi wanakuja wakiwa na jina la Livingstone mdomoni, ambaye maiti yake ilifikishwa Bagamoyo Februari 1874. Wachache wanawajua Chuma na Susi, watumishi wake walioongoza msafara uliombeba kutoka bara, na wapagazi wengine hakuna anayewauliza kabisa. Ukuta wa majina hauhitaji fedha za Marekani. Tunaweza kuanza na majina yaliyomo kwenye maandishi tuliyonayo.

Kuhusu biashara ya watumwa ya Bahari ya Hindi, ya Kilwa na Unguja, msitegemee kuyakuta mengi kule. Yale ni makumbusho ya Wamarekani Weusi, na habari yetu ni jukumu letu kuisimulia. Mimi nimeshabadili njia ninayopitisha wageni. Zamani nilianzia ufukweni kwa sababu kuna upepo na picha nzuri. Sasa naanzia Caravan Serai, walikofikia waliotoka bara kwa miguu, nashuka mjini, na bahari wanaiona mwishoni kabisa, kama walivyoiona wale. Maswali yao yamebadilika sana. Wanauliza kuhusu watu.

Kwa anayekwenda: kiingilio ni bure, ila chukua mapema kwenye mtandao tiketi yenye saa ya kuingia. Anzia chini, usidanganyike na ghorofa za juu. Chumba chenye jeneza la Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa na wazungu Mississippi mwaka 1955, hakipigwi picha, na kwa watoto wadogo ni kizito. Ukishatoka historia kuna ukumbi wenye maji yanayodondoka kutoka darini. Kaa hapo kabla ya kupanda. Chakula kipo humo humo, mapishi ya Wamarekani Weusi wa kila upande wa nchi. Na kwa ambaye viza imegoma, makumbusho yana sehemu kubwa ya maonyesho ya historia kwenye tovuti yao, bure pia. Waongozaji wenzangu wa hapa, fungueni, hasa habari za São José.