Tathmini ya klorantraniliproli dhidi ya kantangaze kwenye nyanya

Tangu kantangaze, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyethibitishwa nchini Tanzania mwaka 2014, aingie katika mashamba yetu ya Arumeru, nimenunua dawa nyingi ambazo hazikunisaidia. Kwa hiyo msimu huu niliamua kuipima klorantraniliproli, dawa ya kuua viwavi wake, kwa utaratibu badala ya kutegemea sifa za dukani. Nilitenga matuta sita, nikanyunyizia manne na kuacha mawili bila dawa, kwa sababu pasipo matuta ya kulinganisha mkulima hawezi kujua kama viwavi wameuawa na dawa au wamepunguzwa na mvua.

Siku ya kwanza nilikaribia kukata tamaa, kwa kuwa viwavi walikuwa bado hai ndani ya majani waliyoyachimba. Lakini dawa hii hukaza misuli ya kiwavi hadi ashindwe kula, naye hufa baada ya siku chache. Nilipopasua majani siku ya nne, wengi walikuwa wamekufa, huku kwenye matuta yasiyonyunyiziwa matunda yakiendelea kutobolewa karibu na kikonyo. Ninaipendekeza kwa dhati.

Bei yake ni mzigo kwa mkulima mdogo, na muuzaji aliyenishauri niirudie kila wiki msimu mzima alinipotosha vibaya: usugu wa kantangaze dhidi ya dawa hii umekwisha kuthibitishwa Italia na Brazili, hivyo ni lazima ipokezane na dawa ya kundi jingine, kama vile spinosadi, na mitego ya feromoni (harufu inayowavuta nondo madume) iendelee kutundikwa ili ijulikane ni lini nondo wameongezeka.