Boti ya faiba iliyopauka: nunua kinachokata kabla ya kinachong'arisha

Pitisha kiganja kwenye ubavu wa boti iliyokaa juani miaka kumi. Kiganja kikitoka cheupe kama umeshika chaki, hiyo ni jelikoti iliyokufa. Jelikoti ni lile ganda la juu lenye rangi, na kwa kawaida unene wake ni kama nusu milimita tu. Jua hulichoma kidogo kidogo mpaka uso unakuwa na vishimo visivyoonekana kwa macho, na mwanga ukipiga pale unatawanyika.

Kabla hujatoa hela, osha boti kwa sabuni na maji yasiyo ya chumvi, kisha ilowanishe tena na uitazame. Rangi ikirudi kukolea inapokuwa na maji, boti inaokoleka. Ikiwa imelowa na bado nyuzi za faiba zinachungulia, ganda limekwisha. Dawa ya kusugua haitakusaidia.

Chaguo langu la kwanza ni kompaundi ya boti, ikifuatiwa na nta. Kompaundi haipaki kitu, inaondoa: inakata ile chokaa mpaka ufikie ganda zima. Meguiar's wana namba 49, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na 3M wana kompaundi zao za jelikoti. Usichukue kompaundi ya magari yenye silikoni, maana siku ukitaka kuziba ufa au kupaka rangi, rangi haitashika. Ikiwa boti imepauka sana, anza na msasa wa maji namba 800, uende 1000, umalizie 1500.

Hapa mashine ndiyo inayoamua, na ndipo nimeona hasara nyingi. Fundi anachukua grenda ya kukatia vyuma, anaifunga pedi, anaanza kazi. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati kompaundi inataka kati ya 1,000 na 2,000. Mwaka jana nilimkuta fundi akifanya hivyo kwenye kona ya tezi, yaani nyuma, ya boti yetu. Nilipomsimamisha, mahali pa ukubwa wa shilingi palishatokeza rangi ya kijanikijani ya faiba yenyewe, na kiraka kile mpaka leo kinaonekana. Nunua au azima mashine ya polishi yenye kurekebisha mwendo. Kama mkono wako bado mgeni, chagua ile inayozunguka huku ikiyumba: ni ya polepole, lakini haichomi upesi. Weka pedi ya sufi, fanya kazi kivulini, kipande cha nusu mita kwa nusu mita, na kona uzimalize kwa mkono. Ukimaliza kipande cha kwanza, futa kwa kitambaa safi utazame ulipoishia: kwa boti ya buluu, upande mmoja buluu, upande wa pili majivu. Mpaka wake unaonekana kama umepigwa rula.

Nta usiiruke, hata ukichoka. Ganda lililokatwa liko wazi, na bila nta litapauka tena haraka. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi, inang'aa vizuri lakini kwa jua letu itadumu miezi michache. Maji yakiacha kujikusanya matone ubavuni, paka upya. Chini ya mstari wa maji, unapotaka kupaka rangi ya kuzuia chaza na mwani, usiweke nta kabisa.

La pili ni dawa moja inayosafisha na kuacha nta papo hapo. Inafaa kwa boti iliyofifia tu, si iliyotoa chokaa. Wengi wanainunua kwa sababu ni kazi ya mara moja, kisha wanailaumu.

La tatu ni mipako ya akriliki kama Poli Glow, inayopakwa tabaka nyembamba kadhaa bila mashine. Inang'aa siku hiyo hiyo. Ikianza kubanduka, lazima uivue yote ndipo uanze upya.

Mipako ya seramiki naiweka ya nne kwa boti za kazi. Ni ghali, inataka uso uliokwisha kukatwa vizuri, na boti inayoburutwa mchangani kila kupwa itaikwaruza.

Mafuta sikushauri kabisa. Jahazi la mbao linapakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, kwa sababu mbao zinainywa na kunufaika nayo. Faiba iliyopauka nayo itayanywa mafuta na kung'aa siku tatu, kisha vumbi litanata, na kompaundi itateleza juu yake.

Kwa ganda lililokwisha, chukua rangi ya poliyurethani ya makopo mawili yanayochanganywa, na uipake kwa brashi na rola. Ikipulizwa, mvuke wake una isosayanati, kemikali zinazoumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii. Mwenye kupuliza anahitaji kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba.