Jimbo la Tanga 1958 au Tanga Mjini 2015, wapi palikua pagumu kwenye uchaguzi?

Mi nasema 1958, wala sio mchezo. Jimbo lilikua mkoa mzima, na kura ni tatu kwa mpigo, Mwafrika mmoja Mzungu mmoja Muasia mmoja, ukimruka mmoja karatasi imeharibika, tena uandikishwe mpaka uwe na darasa la nane au kipato cha pauni 150 kwa mwaka au cheo, sasa mkata mkonge wa watu angezitoa wapi? Ndo maana chama cha TANU walibishana sana kwenye mkutano wao wa Tabora Januari 1958 kabla ya kukubali kuingia kwenye uchaguzi huo.

Tanga Mjini 2015 kiti kimoja, umefika 18 umejiandikisha basi unapiga. Ila utamu wa vyama uko huku bana, Mussa Mbarouk wa CUF akalibeba, 2020 Ummy Mwalimu akalirudisha CCM.