Meza ya shabaha inakuumiza viwiko na kukwaruza bunduki? Nunua kwa mpangilio huu

Meza nyingi za viwanja vya shabaha ni zege au mbao nene iliyoliwa na jua na mvua, ukikaa hapo saa nzima viwiko vinawaka na bunduki nayo kila ukiilaza inapata mkwaruzo mpya. Sasa mtu akiamua kununua kitu cha kuweka juu ya meza anakimbilia kile kinene na laini kuliko vyote, na hapo ndo hela inapotea. Kitu laini sana kwenye shabaha ni tatizo, kiwiko kinazama, unakaa vizuri unalenga, halafu taratibu unashuka na msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini unashuka na wewe. Unachotaka ni kitu kisichoteleza, kisichonywa maji wala mafuta, unene wa wastani tu basi.

Namba moja: mkeka wa neoprini (aina ya raba laini ya viwandani) au raba wenye kitambaa juu

Huu ndo wa kwanza kununua hata kama hununui kingine. Milimita 3 mpaka 6 inatosha kabisa. Chini iwe raba inayoshika, juu kitambaa kilichosukwa kwa kubana. Angalia saizi vizuri maana mikeka mingi inayouzwa ni ya kusafishia bunduki, ile ya sentimita 90 kwa 30 hivi, ni mirefu ila myembamba, bunduki inaenea lakini viwiko vyako vinabaki nje kwenye zege, sasa umenunua nini? Kwa kukalia meza tafuta wenye upana wa kubeba viwiko vyote viwili ukiwa umekaa kwenye mkao wa kulenga. Vile vidogo vya bastola viache vya bastola.

Ukiwa dukani weka kiganja juu ya mkeka halafu sukuma mbele kama unausugua mezani, ukitembea rudisha. Hii si kujidai. Uwanja ukisimamishwa watu waende kubadilisha karatasi za shabaha huruhusiwi kugusa bunduki, na sehemu nyingi hata kusogelea meza hairuhusiwi, kwa hiyo mkeka unaojikunja au kuteleza na bunduki juu yake utauangalia hivyo hivyo kwa mbali. Kingo ziwe zimeshonwa, zile zilizokatwa tu zinaanza kuachia tabaka mapema. Na maganda ya risasi yanayoruka ukifyatua yanakuwa ya moto, yakitua kwenye sponji ya bei rahisi yanaacha vishimo, kitambaa kilichobana kinavumilia zaidi.

Kitu kingine watu hawakiangalii ni usafishaji. Kila ukifyatua, moshi unaacha vumbi lenye madini ya risasi (ledi, ambayo ni sumu) na linatua hapo hapo unapoweka mikono. Mkeka unaopanguswa kwa kitambaa kibichi una faida kubwa kuliko ule wa manyoya manyoya. Usiukung'ute sebuleni jamani, na nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika chakula.

Namba mbili: mifuko ya mchanga, wa mbele na wa nyuma

Wengine wangeiweka namba moja na siwalaumu, maana ndo inayobeba uzito wa bunduki ili mikono ipumzike. Mchanga mkavu ni mzito na umetulia, vidonge vya plastiki ni vyepesi kubeba ila bunduki inachezacheza juu yake. Soma maelezo kabla hujalipa, mingi inauzwa mitupu, unajaza mwenyewe. Wa mbele ukae chini ya mbao ya mbele ya bunduki, sio chini ya mtutu. Mtutu unatetemeka risasi inapopita, ukiuegemeza kwenye kitu risasi zinahamia sehemu nyingine kwenye karatasi na utaanza kulaumu darubini bure. Ule wa nyuma, chini ya kitako, unaminya kwa mkono wa pili, ukiminya kitako kinapanda, ukiachia kinashuka, hivyo tu ndo unavyorekebisha shabaha bila kuhangaika.

Wenye rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka), ule mwanya kati ya silinda na mtutu unatoa gesi ya moto pembeni, inachana mfuko na vidole haivionei huruma, kwa hiyo egemeza mikono yako juu ya mfuko, na mfuko wala vidole visikae pembeni ya mwanya.

Namba tatu: mto wa kukalia na pedi ya bega

Mto wowote mgumu kidogo unafaa, kazi yake kubwa ni kukupandisha. Ukikaa chini sana au ukijilaza mezani, mwili hauna pa kwenda na teke lote (bunduki inaporudi nyuma ukifyatua) linaishia begani, ukikaa wima kifua kinarudi nyuma nalo. Pedi ya bega ni nzuri kwa bunduki kubwa ila inasogeza jicho nyuma ya darubini, ukiona duara jeusi kwenye picha ujue ni hiyo, chukua nyembamba.

Namba nne: mkeka wa yoga uliokatwa

Kama hela imebana, sawa kabisa. Haunywi maji, ni mwepesi. Ila maganda yanautoboa na baadhi ya dawa za kusafishia mtutu zinaulainisha mpaka unanata, kwa hiyo usisafishie bunduki juu yake.

Za mwisho: kipande cha zulia, na ile fremu ya kuwekea vyuma

Zulia linapendwa kwa sababu liko nyumbani tayari. Linakunywa maji, linashika mchanga unaokwaruza rangi ya mbao, na lile vumbi nililosema linajificha humo halitoki. Ile fremu ya chuma unayoegemezea bunduki na kuijaza vyuma vizito ili usisikie teke kabisa, hiyo naiogopa zaidi kwa ajili ya bunduki yenyewe, maana ile nguvu haipotei, bunduki ikishindwa kurudi nyuma inaingia kwenye kitako na vishikio vya darubini, na vitako vya mbao vinaweza kupasuka. Ukiwa nayo tayari weka uzito kidogo, iachwe iteleze.

Ukirudi nyumbani usiiache bunduki imeviringishwa ndani ya mkeka wala kwenye begi la sponji, unyevu na jasho la mikono vinabaki humo na kutu inaanza taratibu bila wewe kuona. Begi la ngozi nalo ni la safari tu, sio la kuhifadhia. Pangusa chuma na kitambaa chenye mafuta kidogo, weka sehemu kavu inayofungwa kwa kufuli, mkeka utandaze peke yake ukauke.

Rangi chukua kijivu au nyingine ya mwanga. Mweusi juani unachoma viwiko, na skrubu ndogo ya darubini ikidondoka humo utaitafuta mpaka uwanja unafungwa.