Kizimba cha chuma cha mashine ya soda: nondo nene, bawaba dhaifu

Kizimba cha kuchomelea ndicho kinga anayouziwa kwanza mwenye mashine ya soda Unguja, iwe imekaa baraza ya hoteli Nungwi au ujia wa Shangani. Kinafaa, tena kuliko kamera peke yake: kamera humwona mwizi, kizimba humchelewesha. Ila mafundi hukinadi kwa unene wa nondo, na mwizi hana haja na nondo.

Yeye huanza na bawaba. Ikiwa nje, pini husukumwa juu kwa bisibisi na nyundo, mlango ukang'oka na kufuli lake likiwa limefungwa vilevile. Mwambie fundi achomelee ncha zote mbili za pini. Bora zaidi, upande wa bawaba aongeze meno mawili ya chuma yanayoingia kwenye matundu ya fremu mlango unapofungwa. Hapo hata pini ikitoka, mlango haubanduki. Kufuli nalo lifunikwe kwa kisanduku cha plati ya milimita 4, kilicho wazi chini tu, pa kupitisha mkono. Shingo ya kufuli ikitokeza, mkasi wa chuma una pa kuuma. Grenda itapita yote hayo, lakini kwa kelele na cheche, ndiyo maana kizimba kilichowekwa mbali na mlinzi ni nusu ya kizimba.

Usikitegemee kitasa cha mashine yenyewe, hasa kile cha ufunguo wa duara. Mwaka 2004 kufuli za baiskeli za aina hiyo zilionekana zikifunguliwa kwa ganda la kalamu ya wino.

Kasoro kubwa ya vizimba vya Mji Mkongwe ni pale vinapofungwa. Kuta za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa. Bolti ya kutanuka hukaza kwa kusukuma pande, na jiwe la namna hiyo linavunjika kama biskuti. Bolti inazunguka ndani ya tundu, fundi anaikaza zaidi, tundu linazidi kupanuka. Funga chini, kwenye zege, bolti nne za milimita 12, kisha kata kingo za nati ziwe duara ili spana ikose pa kushika. Kama hakuna zege, chomelea kizimba juu ya plati pana inayolaliwa na mashine: uzito wa mashine yenyewe ndio nanga. Na kabla ya kutoboa jengo la zamani, pata ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Kisha chumvi. Chuma chenye zinki kinauzwa kama dawa ya kutu, lakini moto wa kuchomelea huunguza zinki palepale kwenye kiungo. Ukikagua kizimba cha Paje au Jambiani baada ya upepo wa kusi, utaona nondo bado ziko safi, huku kila kiungo kina mstari mwekundu unaochuruzika. Piga brashi ya waya, upake rangi yenye zinki nyingi kabla ya rangi ya juu. Ukiwa na fedha za kununua stenlesi, dai daraja la 316, si 304: molibdenamu, madini yaliyochanganywa ndani yake, ndiyo inayoisaidia kustahimili chumvi. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi.

Acha sentimita 15 nyuma ya mashine. Kizimba kikiibana, joto halitoki, kompresa haipumziki, na hasara ya friji inaweza kupita ya wizi.

Kabla ya kumlipa fundi salio, funga kizimba, kisha unyanyue mlango kwa mikono miwili. Mlango ukipanda zaidi ya milimita chache, umelegea. Arudi nao karakana.