Ndege wa Bewick: kinunue, ila kagua chapa kwanza

Kitabu cha mchonga picha Thomas Bewick, History of British Birds (Historia ya Ndege wa Uingereza), kimetolewa upya mara nyingi, na si kila nakala inafaa. Ya kwanza niliyoletewa na mpwa wangu kutoka Uingereza ilikuwa imepigwa picha ovyo ikachapwa hivyo hivyo. Bawa la kwenzi limekuwa doa la wino! Mtu aliyezeekea chapani kama mimi anaumia, maana uzuri wote wa kazi hii uko kwenye mistari myeupe, nayo ndiyo huzibika kwanza. Ninayoisifu hapa ni ya pili, mtumba, yenye karatasi nene.

Bewick alifanya kazi Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Juzuu ya ndege wa nchi kavu ilitoka 1797, ya ndege wa majini 1804. Ujanani alijifunza kunakshi madini kwa Ralph Beilby, kisha vile vyuma vyembamba vya kisonara akavihamishia kwenye mti. Tena si ubao wa kawaida: ni kipande cha mti mgumu kilichokatwa kukingama shina, ili chuma kisikwame kwenye nyuzi. Alipokata panatoka peupe, alipoacha panashika wino. Vilima na mawingu ya mbali alivikwangua vishuke kidogo, karatasi isivigandamize sana, vikatoka hafifu. Wino ni ule ule mweusi, lakini wewe unaona kijivu. Na kwa kuwa kipande kilikuwa na kimo sawa na herufi za risasi za kupigia chapa, ndege na maelezo yake walipigwa kwa mkupuo mmoja. Picha ya sahani ya shaba ingetaka mashine yake peke yake.

Ndege wenyewe hawalingani. Kwenzi ukimtazama unadhani atapiga kelele. Wengine Bewick aliwachora kutoka kwa ndege waliokaushwa, kwenye mkusanyo wa tajiri mmoja huko Wycliffe, kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, na baadhi yao ukakamavu unawaumbua. Sululu nilikaa naye sana: ni huyu huyu wetu anayechokoa matope maji yakitoka, anayetujia wakati wa kaskazi.

Ila mimi ningekinunua hata kwa vile vipicha vidogo tu vinavyojaza nafasi mwisho wa maelezo. Vingi havihusiani na ndege yeyote. Mkulima anavuka mto ameng'ang'ania mkia wa ng'ombe, akwepe ushuru wa daraja, huku kofia inampotea. Mwingine anakojoa ukutani, kwenye kitabu cha heshima kabisa! Kuna na kimoja ambacho mandhari ya kijiji imefunikwa na alama ya kidole, kana kwamba mchapaji mchafu ameigusa karatasi. Kumbe kila mstari wa kidole umechongwa. Kwa hicho nilicheka peke yangu.

Maandishi ya juzuu ya kwanza, mengi yake ya Beilby, ni Kiingereza kizito. Nimeyaruka bila majuto.

Ukiagiza mtandaoni, mwombe muuzaji akupigie picha ukurasa wa kwenzi. Madoa ya kifuani yakiwa yameungana, usilipe. Mwenye bando aingie Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, kuna matoleo ya zamani ya bure; avute picha iwe kubwa, aanze na juzuu ya majini.