Kiwanja cha Old Warden ndani ya X-Plane 12: majengo yamekamilika, nyasi bado

Nilitua vizuri, ndani ya X-Plane 12, simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta. Nilivuka ua wa miti polepole, Tiger Moth, ndege nyepesi ya zamani ya mafunzo, ikakaa chini magurudumu na mkia kwa pamoja, bila kuruka. Kisha ikaendelea kwenda. Ikapita mnara, ikapita uzio wa watazamaji, ikapita mahali ambapo nyasi za kweli zingekuwa zimeshaishika, pua ikaanza kugeukia upepo na mimi sina breki, maana Tiger Moth haina breki. Ikaishia kwenye ua wa upande wa pili. Nikarudia mara tatu, yakawa yale yale. Hapo nikajua tatizo si mguu wangu, ni ardhi.

Kiwanja chenyewe ni Old Warden, Bedfordshire, Uingereza, alama yake EGTH. Nimekinunua kama kifurushi cha simuleta mwezi uliopita kwa pauni 14. Aliyekitengeneza ni mtu mmoja anayefanya kazi peke yake. Sitamtaja kwa jina, kwa sababu nilimwandikia na alinijibu kwa uungwana, na nitakachosema hapa kinahusu kazi yake, si yeye.

Mimi ni fundi wa ndege. Ufundi niliuanzia kiwanja cha ndege cha Wilson, Nairobi, na sasa ni mwaka wa saba niko Luton. Kutoka kwangu hadi Old Warden kwa gari haifiki saa moja. Nimekwenda mara nyingi kiasi kwamba najua pa kuegesha ili jua la jioni lisinipige usoni.

Kwa asiyepajua: Richard Shuttleworth alikuwa kijana mwenye shamba kubwa hapo, akaanza kukusanya magari ya kale mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha na ndege. Alifariki Agosti 2, 1940, akiwa na miaka 31, ndege yake ilipoanguka akiwa mazoezini na jeshi la anga. Mama yake, Dorothy, alianzisha wakfu mwaka 1944 kwa kumbukumbu ya mwanawe, na ndege zile zikabaki palepale. Hazikuwekwa zitazamwe tu. Zinaruka. Kuna Blériot ya 1909, kuna Blackburn ya 1912, kuna Avro 504K ya vita vya kwanza. Na kuna Moth moja, ya ukoo mmoja na Tiger Moth, yenye usajili G-EBWD, ambayo Richard aliinunua mwaka 1932 na mpaka leo haijahama kiwanja.

Sasa kifurushi. Kukiweka ni rahisi: unafungua zipu, unatupia folda ndani ya Custom Scenery, mahali X-Plane inapowekewa mandhari za kuongeza, unawasha simuleta. Kompyuta yangu ni ya miaka mitano na haikulalamika.

Majengo nimeyapenda kwa moyo wote. Milango ya mahangari ni ile ya kusukuma, na chini yake reli ina kutu mahali ambapo maji ya mvua hutuama. Mnara ni mdogo, kama ulivyo. Ukitazama kilimani unaiona nyumba kubwa ya familia ikichungulia katikati ya miti, na upande wa pili ile bustani ya kale ya karne ya 19 iko, hata banda lake. Mtu huyu alikwenda mwenyewe akapiga picha, hilo halifichiki. Hata matangi ya maji ya zimamoto yako mahali pake.

Katika hangari mojawapo ameiweka Comet nyekundu, DH.88, G-ACSS, yenye namba 34 ubavuni. Hapo nilisimama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Ndege hii ndiyo iliyoshinda mashindano ya mwaka 1934 kutoka Mildenhall hadi Melbourne, kwa chini ya saa 71, ikiwa na marubani wawili: C.W.A. Scott na Tom Campbell Black. Huyo Campbell Black ni wa kwetu kwa namna fulani. Mwaka 1929, Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways jijini Nairobi, Campbell Black ndiye aliyekuwa rubani wake mkuu, na walianza na Moth moja tu. Kiwanja walichokitumia, Nairobi West, ndicho kilichokuja kuitwa Wilson mwaka 1962. Ndipo nilipofunguliwa kisanduku changu cha kwanza cha spana. Kwa hiyo nikiiona Comet ile imekaa ndani ya hangari la Old Warden, hata kwenye skrini, naona uzi unaotoka huko hadi kwenye benchi langu la kazi la Nairobi. Muuzaji hakuwa na wajibu wa kuichora kwa uangalifu ule. Angeweza kufunga mlango wa hangari tu. Ameichora hadi misumari ya mbao.

Turudi kwenye nyasi, kwa sababu nyasi ndizo kiwanja.

Mzee aliyenifundisha kazi Wilson, kila tulipotumwa kwenda kutengeneza ndege iliyokwama kwenye viwanja vya Mara, kitu cha kwanza alichofanya akishuka hakikuwa kufungua injini. Alikuwa anabonyeza ardhi kwa kisigino. Mara moja, mara mbili, anasogea hatua tano, anabonyeza tena. Akimaliza ndipo anaamua kama ndege ikipona itaondoka na mzigo au bila mzigo. Ndege za zamani zinahitaji kisigino hicho zaidi ya hizi za leo. Nyingi hazina gurudumu la nyuma, zina kigingi cha mkia kinachoburuta, na kigingi hicho ndicho breki, ndicho pia kinachoishika ndege isizunguke. Kwenye nyasi kinachimba kidogo na kinashika. Kwenye lami kinateleza. Ndiyo maana viwanja vya enzi hizo vilikuwa uwanja mpana wa majani: rubani anatazama upepo unatoka wapi, anageuza pua kuuelekea, anatua.

Nikafungua faili ya apt.dat, inayoiambia simuleta kiwanja kilivyo. Kila njia ya kurukia ina mstari wake unaoanza na 100. Namba inayofuata ni upana kwa mita, na baada yake ni aina ya ardhi: 1 ni lami, 2 zege, 3 nyasi, 4 udongo, 5 changarawe. Huku imeandikwa 15. Hiyo 15 maana yake ni ardhi isiyochorwa: X-Plane haiweki rangi yoyote, lakini magurudumu yanahesabiwa kuwa yako juu ya kitu kigumu. Juu yake muuzaji ametandika picha ya nyasi, nzuri kweli, ina hata mistari ya mashine ya kukatia. Jicho linaona shamba, gurudumu linaona barabara. Chini zaidi kuna mstari mwingine, 1302 flatten 1, unaoiambia simuleta isawazishe kiwanja kizima kama meza. Old Warden si meza. Ukitembea pale kwa miguu unahisi ardhi inapanda na kushuka chini ya viatu, mawimbi madogo, na ndege nyepesi inayahisi kukuzidi.

Nikabadilisha 15 kuwa 3. Namba ya ukali wa ardhi nikaipandisha kutoka 0 hadi 0.40, kwa kuwa 0.25 ya kawaida niliiona laini mno. Mstari wa flatten nikaweka 0. Nikahifadhi, nikawasha upya.

Tiger Moth ileile, upepo uleule. Ikagusa, ikatikisika, fimbo ikanicheza mkononi, nikaivuta tumboni, ikasimama kabla haijafika mnara. Nilicheka peke yangu sebuleni. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kuna nini, nikamwambia nimetua. Akasema, si unatua kila siku.

Hasara ipo na nimeikubali: sasa majani ya X-Plane yenyewe yanaifunika ile picha nzuri kwenye njia za kurukia, na ukitazama kutoka juu unaona ukanda wa kijani tofauti. Afadhali hivyo. Aliyekuja kupiga picha tu aiache 15.

Kasoro ya pili ni soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti unaoonyesha upepo, na hii iliniuma. Mwaka juzi mwezi wa Juni nilikaa pale tangu saa nane mchana. Ndege kubwa kubwa ziliruka, lakini zile kongwe kabisa, Blériot na wenzake, hazitoki mpaka upepo ulale. Zina injini ndogo na mabawa makubwa, upepo mdogo tu unazishinda. Basi kuanzia saa kumi na moja jioni watu hawatazami tena angani, wanatazama soksi. Inainuka, inashuka, inainuka. Mtu wa pembeni yangu alikuwa na mtoto begani, na mtoto yule ndiye aliyekuwa akitangaza: bado, bado, bado. Mnamo saa mbili kasoro soksi ikanywea, ikalala kwenye mlingoti kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mlango wa hangari ukasukumwa. Harufu ya mafuta ya mbarika ikatufikia, maana baadhi ya ndege hizo kongwe zina injini ambazo silinda huzunguka na rafadha, na hizo huyanywa na kuyatema, hazirudishi. Kisha Blériot ikaruka kimo kifupi tu, mstari mmoja ulionyooka, ikatua. Watu walipiga makofi kwa namna ambayo sijaisikia kwa ndege ya jeti.

Katika kifurushi hiki soksi imechorwa kwa ustadi, hadi mishono, lakini ni sanamu. Imeinuka nusu daima, upepo uwepo usiwepo, na siku zote inaelekea upande mmoja. X-Plane ina soksi yake inayofuata upepo, inawekwa kwa mstari mmoja unaoanza na 19. Muuzaji ameuondoa ili iliyo yake isigongane nayo. Nimeurudisha mstari, na ile sanamu nikaiondoa kwa WorldEditor, programu ambayo ni ya bure.

Nilimtumia faili zangu. Amesema toleo lijalo litakuwa na nyasi za kweli na soksi inayocheza, na picha yake itatandikwa upya ili isifunikwe. Namwamini, kwa sababu mtu aliyechora kutu ya reli hatashindwa na namba mbili.

Kununua, nunua. Kwa pauni 14 unapata mahangari ambayo sijaona mtu mwingine ameyatendea haki hivi, na Comet ndani yake. Kabla ya kuruka fungua apt.dat, iweke nakala pembeni kwanza, kisha tafuta mistari ya 100. Ukiwa na Tiger Moth au Moth ya aina yoyote, usianzie katikati ya mchana. Weka saa mbili kasoro jioni, mwezi wa Juni, upepo uanze mdogo na upungue wenyewe, na uegeshe mbele ya hangari injini ikiwa imezimwa, mahali ambapo soksi unaiona.